Mimea Aliyotuachia Mzungu Wetu

Nilipoolewa Katesh nilikuta Mzungu uani, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwetu Dongobesh walinieleza habari za duka, za mama mkwe mwenye mkono wa birika, za upepo unaoshuka mlimani na kumwingia mtu hadi kwenye mifupa. Hakuna aliyeona haja ya kunitajia kwamba nyuma ya duka, katika chumba kilichopakana na ghala, anaishi mtu mweupe mwenye ndevu ambaye kazi yake ni kukausha majani. Asubuhi yangu ya kwanza nilitoka kutafuta maji nikamkuta amechuchumaa anapuliza jiko la mkaa, na juu ya jiko kuna mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda, zimebana rundo la magazeti. Nilidhani anachoma vitabu.

Aliinuka akanisalimia, kisha akamgeukia mama mkwe aliyekuwa anatoka jikoni na kumwambia, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba bila hata kusimama. Siku zile Mzungu hakumwamkia Mwafrika. Bwana shauri alipopita dukani ni sisi tuliosimama na kuvua kofia, wale wenye kofia. Kwa shikamoo ile nilimpenda mtu yule papo hapo, na sijaacha kumpenda, ndiyo maana jambo ninaloliandika hapa linaniuma hadi leo.

Kila mtu Katesh alikuwa na maelezo yake kuhusu Mzungu wetu. Wafugaji waliokuja dukani na samli ili waondoke na sukari na shanga walimcheka waziwazi, wakisema wamewahi kuona ng'ombe wa kila rangi lakini si mweupe mwenye suruali. Wakulima wa Nangwa walishikilia kwamba anatafuta madini na majani ni kisingizio. Mwenye duka jirani yetu aliapa kuwa ni jasusi, ingawa hakuweza kueleza mtu angepeleleza nini kwenye nyasi. Ukweli niliupata kidogokidogo, kwa sababu yeye alipenda kusimulia akiwa anafanya kazi na mimi nilipenda kusikiliza nikiwa nachambua mchele.

Alikuwa ametoka nchi ya Wajerumani akiwa kijana, akaja kulima kahawa upande wa juu wa Mbulu. Kahawa ilimshinda. Alisema mwenyewe, bila haya, kwamba alikuwa akitoka asubuhi kwenda kupalilia, anakutana na ua asilolijua katikati ya magugu, anakaa chini kulitazama hadi jua linamkuta palepale. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mkulima. Kwao alikuwa amesomea mimea, na mimea ikamrudia. Shamba likaenda kwa wengine, naye akahamia kwetu na mbao zake na mikanda yake, akamwomba marehemu baba mkwe chumba cha kukaa kwa muda mfupi. Baba mkwe akafariki, duka likabaki mikononi mwa mama, na muda mfupi wa Mzungu ukawa bado haujaisha.

Alichokitaka ni kukusanya mimea yote ya mlima Hanang, kuanzia ile inayoota kwenye magadi kandokando ya ziwa Balangida hadi ile ya kileleni penye ukungu, ya masika na ya kiangazi. Huko Uswisi kulikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia mimea iliyokaushwa, na wakubwa wake walikuwa wamemwahidi kwamba akiwapelekea mlima mzima watampa kazi ya kudumu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mke, na kwao alikuwa ameondoka kwa ugomvi. Mzigo ule ndio uliokuwa maisha yake, na alitueleza hivyo kwa maneno hayohayo. Mume wangu alimshauri apeleke alichonacho, kingine kifuate. Alikataa. Alisema hawezi kumpelekea mtu nusu ya mlima. Alikuwa mkaidi kama punda wa Kondoa, na ukaidi ule ndio jambo la kwanza ninalolijutia, ingawa haukuwa wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mmea aliulaza ndani ya gazeti lililokunjwa mara moja, na pembeni mwa gazeti hilo, palipokuwa peupe, aliandika kwa penseli mahali alipouchuma, urefu wa mlima hapo, siku, rangi ya ua na harufu yake, kwa kuwa rangi na harufu huondoka mmea ukikauka. Halafu katikati ya mkunjo mmoja na mwingine aliweka magazeti mengine, matupu, ya kunyonya maji. Hayo ya katikati ndiyo yaliyobadilishwa kila asubuhi. Yaliyolowa tuliyaanika kwenye ua wa miti kama nguo za mtoto, makavu tukayaingiza mahali pake, mikanda ikakazwa, tukaanza upya.

Alipokuwa mlimani, kazi ya kubadilisha ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesoma madarasa machache Mbulu na aliniamini. Alinionya jambo moja tu: gazeti la ndani lisiguswe, mmea na karatasi yake haviachani. Nilimuuliza kwa nini asiandike habari hizo kwenye daftari kama watu wengine. Akaniambia daftari linaweza kwenda njia yake na mmea njia yake, lakini karatasi uliyoilalia haikuachi. Nilimwona ana akili sana.

Mama mkwe aliitazama kazi ile kila siku na kuidharau kidogo. Yeye alizaliwa Kondoa, na mwanamke wa Kondoa humfundishi kukausha. Mlenda wake ulikaa mwaka mzima kibuyuni ukiwa bado una harufu ya shamba. Alimwambia Mzungu kwamba moto unaua majani, kwamba majani hukaushwa kivulini, yakigeuzwa kwa mkono, na kwamba karatasi ni kitu cha kufungia sukari. Mzungu alimjibu kwa adabu kwamba yeye anataka mmea ukauke ukiwa umenyooka. Mama akamuuliza ananyoosha mlenda kwa ajili ya nani. Walibishana hivyo miaka yote, kama wapishi wawili kwenye jiko moja, na ninaamini ni watu waliokuwa wanapendana.

Vita vya pili vilipoanza, kwetu vilianza kwa lori. Askari walikuja mchana, pamoja na Mwingereza mmoja kijana aliyeonekana kuona haya, wakasema Wajerumani wote wanakusanywa. Hawakumpa nafasi ya kufunga zaidi ya sanduku la nguo. Alitaka kueleza habari za mimea, yule kijana akamwambia hakuna nafasi kwenye lori. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu la kwanza. Mzungu wetu aliingia ghalani, akagusa yale marobota ya magazeti yenye mimea moja baada ya jingine, yamepangwa hadi karibu na dari, kisha akatoka akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama, nitunzie mimea yangu. Isiharibike hata mmoja."

"Nenda salama, mwanangu," mama alimjibu. "Utaikuta."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Nimeyarudia kichwani mwangu maisha yangu yote, nikimwongezea maneno mawili matatu, nikijiongezea na mimi. Lakini mtu anayepakiwa kwenye lori na askari hakumbuki kueleza kazi, na mimi nilikuwa nalia.

Muda mfupi baadaye nilikwenda Dongobesh kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mzazi. Nilijifungua binti, nikaugua baada ya hapo, na mvua zikakata barabara. Nilikaa kwetu muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Masika yale yalikuwa mabaya. Katesh paa la ghala lilivuja, na mama mkwe alikuwa peke yake dukani, mume wangu akihangaika Arusha kutafuta bidhaa zilizokuwa zinatolewa kwa kipimo. Mama aliingia ghalani akakuta unyevu umepanda kwenye marobota ya chini na ukungu umeanza. Alifanya alichokijua. Alifungua kila gazeti, akautoa mmea, akauanika kivulini juu ya mikeka na kuugeuza kwa mkono. Hakupoteza hata jani. Ilipokauka aliichambua: yenye majani mapana pamoja, ya nyasi pamoja, yenye miiba pamoja, mizizi mbali, mbegu kwenye vibuyu vilivyopakwa majivu ili wadudu wasiingie. Akaitia kwenye magunia masafi na kuyapandisha kwenye dari ya jikoni, mahali pakavu kuliko pote, mahali alipoweka mlenda wake.

Na magazeti, kwa kuwa vita vilikuwa vimeleta uhaba wa karatasi na wateja walikuwa wanakuja na majani ya mgomba kufungia chumvi, aliyaanika pia, akayakata, akafungia sukari na tumbaku. Angejuaje? Miaka yote alikuwa ameona karatasi zikitolewa na kuwekwa nyingine. Katika ua ule karatasi ilikuwa kitu cha kubadilisha kila asubuhi, na mmea ndio uliobaki.

Niliporudi na mtoto mgongoni alinipeleka jikoni kabla sijanywa maji, akaniinulia uso kwenye dari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba na moto. Alinieleza kazi yote, jinsi mgongo ulivyomuuma, jinsi waganga kutoka Endagikot walivyokuja kutaka kununua mizizi na yeye akawafukuza akisema ni amana ya mtu. Mama huyu, ambaye angeuza hata kivuli cha duka kama kingepimika, alikuwa amekataa kuuza. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, karatasi ziko wapi. Akacheka, akasema wale wafugaji sasa wanasoma magazeti ya Ulaya.

Nilitafuta. Niliokota vipande vilivyobaki chini ya meza ya duka. Siku moja nilikwenda Nangwa kwa mfugaji aliyekuwa mteja wetu nikakuta kipande chenye mwandiko wa penseli kimefungia tumbaku ya bibi wa pale, nikamwomba, akanipa akinishangaa. Kilikuwa kimeandikwa jina la mahali, ua la zambarau, harufu ya limao. Nilikwenda nacho jikoni nikapanda ngazi na kukaa mbele ya magunia. Katika vile vikavu vyote, vya kahawia, hakuna kilichokuwa na rangi ya zambarau wala harufu ya limao. Nilishuka. Mama mkwe aliniuliza ninatafuta nini darini, nikasema paka.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia. Aniulize akiwa ameishi kama mkwe katika nyumba ya mama mkwe, akila kwa mkono wake. Na tena, nilijiambia, huenda Mzungu mwenyewe atajua la kufanya. Yeye aliijua mimea kwa sura. Labda angeitazama tu na kukumbuka.

Alirudi baada ya vita, kwa kibali cha muda cha kuchukua mali yake. Alikuwa amekonda, kifua kinamkereketa, ndevu zimekuwa nyeupe. Wale wa Uswisi walikuwa bado wanamsubiri; alituambia hivyo kabla hajakaa, na uso wake ukawa wa kijana. Mama alimpikia ugali na mlenda, akamlazimisha amalize, ndipo akaagiza magunia yashushwe. Aliyapanga uani mstari mmoja, vibuyu mbele yake, akafungua gunia la kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Mzungu wetu alitazama ndani. Aliingiza mkono akatoa kitawi, akakigeuza, akakirudisha polepole. Akafungua gunia la pili mwenyewe, na la tatu.

"Na karatasi, mama?"

"Karatasi zilipata maji," mama alisema. "Zilizofaa nilifungia sukari. Wewe usiwe na wasiwasi, mwanangu, mimea yako yote iko. Hesabu ukitaka."

Alinitazama mimi. Niliinamisha kichwa, na hapo akaelewa kuwa ninajua na kwamba mama hajui. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Alisimama amekishika kibuyu cha mbegu, majivu yakimwagika kwenye viatu vyake, na mama akisubiri. Kisha akakiweka chini na kusema, "Asante, mama. Umetunza kuliko ambavyo mimi ningetunza." Mama alifurahi hadi akaingia jikoni kujifuta macho.

Alasiri ile alikaa na mimi kwenye kibaraza, mwanangu akicheza miguuni pake, akanieleza kwa sauti ya chini. Alisema kila kilichomo magunini anakijua, anaweza kunitajia kimoja kimoja. Lakini yule wa Uswisi hawezi kukiamini kichwa cha mtu. Atauliza hiki kilitoka bonde gani, siku gani, ua lake lilikuwa la rangi gani, na mmea usio na majibu hayo ni takataka. Takataka ni neno alilojifunza kwa mama. Nilimtolea vile vipande vyangu vichache. Alivisoma, akatabasamu kwenye kile cha limao, akasema aliikumbuka siku ile, halafu akanirudishia. Nilimwambia nitamweleza mama ukweli. Hapo alinikatalia kwa ukali, mara ya pekee aliyowahi kunikaripia. Alisema mama amefanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumfanyia kazi, na kwamba yeye hatakuwa mtu wa kumvunja moyo kwa hilo. Nikamwahidi.

Alijaribu kuanza upya. Kibali chake kilikuwa hakijaisha, na alipanda mlima na mbao zake, akirudi anakohoa. Chini kuelekea ziwani, vichaka vilikuwa vimefyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Maeneo aliyokuwa akichuma kwa miaka yalikuwa mashina na majivu. Kwenye miteremko watu walikuwa wamesogeza mashamba. Alikwenda hadi Tlawi kutafuta mmea mmoja aliowahi kuupata pembeni mwa msitu, akarudi mikono mitupu, akasema msitu umerudi nyuma, kama vile umemwona anakuja. Alichokusanya kilienea kwenye robota moja.

Siku ya kuondoka alipakia robota lile kwenye lori, na alipakia na magunia yote ya mama pamoja na vibuyu. Dereva alilalamika. Mzungu wetu alimwambia haachi hata kimoja. Nilijua kwa nini. Magunia yale yasingemfikisha popote, lakini kuyaacha kungekuwa ni kumwambia mama. Alimwamkia kwa mara ya mwisho, mama akamwombea safari njema, lori likashika barabara ya Babati. Sikujua kwamba ndiyo basi. Tulisikia kwamba Uswisi hakufika. Mtu mmoja alisema amemwona akiwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga, mwingine akasema alirudishwa kwao kwa meli. Hakuna aliyekuwa na uhakika, na sisi hatukuwa na pa kuuliza.

Mama, yeye, aliishi na furaha yake. Hakuna mgeni aliyekaa kwenye kibaraza chetu akaondoka bila kusikia. Alisimulia masika yale, paa lile, mgongo wake, waganga aliowafukuza. Alimalizia kila mara kwamba Ulaya kuna nyumba kubwa, na ndani yake kuna mimea iliyokaushwa Kikondoa. Miaka ilivyokwenda alitia chumvi: mfalme wa huko alikuwa ameiona. Wageni walimpongeza, mimi nikamimina chai huku uso unaniwaka. Kuna siku nilitamani anyamaze, na nilijichukia kwa kutamani hivyo.

Binti yangu, yule niliyemzaa Dongobesh, alipofika shule ya kati Mbulu alirudi likizo na kazi aliyopewa na mwalimu. Walitakiwa kukausha majani ya miti ya kwao. Alikaa uani na vitabu vizito juu ya magazeti, na bibi yake akavuta kigoda karibu, tayari kutoa maelekezo, maana hili lilikuwa eneo lake. Nilikuwa dukani napima chumvi, mlango wa nyuma uko wazi. Nilimsikia mama akimuuliza mtoto anaandika nini pembeni mwa gazeti. Mtoto akasema anaandika mahali alipolichuma jani na siku. Bibi akasema, si utayaandika baadaye. Mtoto akamjibu kama mwanafunzi anavyojibu, kwa sauti ya mwalimu wake, kwamba hapana, bibi, jani lisilo na karatasi yake halina kazi, mwalimu hulitupa.

Niliacha mizani. Nilipofika mlangoni mama alikuwa bado amekaa, mikono yake magotini, anatazama gazeti la mtoto. Kisha akamtuma mtoto akachote maji, na mtoto alipotoka akaniambia bila kugeuka, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na yeye alijua? Siku ile, hapa?"

"Alijua."

"Akanishukuru."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimweleza yote, kipande cha limao, paka wa uongo, ahadi ya kibarazani. Nilimwambia Mzungu hakutaka avunjike moyo, na mimi pia sikutaka. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno haya, na sasa nimefikia umri wake wa siku ile.

"Alikuwa amesimama pale, mbele yangu," alisema. "Ningemwomba radhi, angenisamehe, yakaisha. Mlinihurumia, mkaninyima hilo. Dhambi niliyomkosea Mungu nitamwomba Mungu. Hii ya mtu nitamwomba nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa na dhambi, kwamba alikuwa hajui. Nadhani nilisema hivyo. Akaniambia, "Kutojua kwangu ni jambo la kumwambia yeye niliyemkosea, si la kuniambia mimi."

Hakusimulia tena habari za mfalme wa Ulaya. Lakini alibadilika kwa namna nyingine ambayo sikuitegemea. Alianza kuulizia wageni wanatoka wapi. Akiwa ni mtu wa Mbulu au Singida alimwacha anywe chai yake. Akiwa anatokea Korogwe, Tanga, Moshi, popote penye mashamba ya Wazungu au reli ya kwenda huko, alinikalisha na kuniamuru nisimulie mimi, na nisimulie yote. Nilipojaribu kuruka habari ya sukari na tumbaku aliniambia nirudie. Wageni waliona aibu, wakamwambia mama mbona ulifanya wema. Aliwasindikiza hadi barabarani, mzee yule, akiegemea bega langu, na lori lilipokuwa limeshawashwa aliwashika mkono na kuwaomba kwamba wakikutana na Mzungu mzee, mwenye ndevu, anayetazama majani, wamwambie mama yake wa Katesh amejua, na anaomba radhi.